Forever Iliyonitoka na Maji

Ndugu zangu wa grupu hii, leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe, na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Ninaandika kwa kidole kimoja, polepole, kabla vijana wa moto, hawa wa pikipiki, hawajawasimulia kwa namna yao. Najua wengine mumekwisha kuona video. Ndiyo, yule muzee mwenye sufuria kichwani ni mimi. Hapana, sijapata wazimu. Someni mpaka mwisho, halafu mucheke kama bado munaweza. (Mutaweza. Nawajua.)

Munajua mimi ni nani. Papa Mashini wa Kasongo. Ile mashini ya kukoboa mupunga inayolia tangu asubuhi ni yangu. Nyumba ya mabati iliyo nyuma yake ni yangu. Zamani nilikuwa nasukuma kinga, ile baiskeli ya mizigo, kutoka Wamaza mpaka hapa, magunia ya mupunga yamefungwa nyuma kwa kamba, na injini ya kinga ile ilikuwa miguu yangu hii. Sikusoma. Darasa la pili lilinitosha. Mwalimu alikuwa na fimbo ndefu, mimi nilikuwa na miguu mirefu, tukaachana. Sijalia hata siku moja kwa ajili ya shule. Watu waliomaliza masomo wanaleta mupunga wao kwangu na wanapanga mustari kama wengine. (Mutaona kiburi hiki kimenifikisha wapi.)

Sasa, leo ilikuwa siku ya kumutoa Riziki nyumbani.

Riziki ni kitinda mimba wangu. Wengine walikwisha kuoa na kuolewa, yeye ndiye alibaki. Ndiye ananimiminia chai asubuhi, ndiye anazima redio yangu na kusema nimekuwa kiziwi. Ndoa yake na Sumaili, kijana wa Salamabila anayeuza vipuri vya moto, ilifungwa juzi. Leo wakwe walikuwa wanakuja kumuchukua. Mimi nilitaka jambo moja tu: mutoto wangu atoke na heshima, na wakwe wajue ametoka mahali penye mutu.

Lakini wakwe hao walikuja na Bwana Idrisa.

Bwana Idrisa ni baba mudogo wa Sumaili, na ndiye musemaji wao. Aliishi miaka Uganda akiuza vitambaa, akarudi na Kingereza. Siku walipokuja kuposa, kila nilichosema alijibu "veri gudi." Nikisema karibuni mukae, veri gudi. Nikisema mutoto wetu anapika sombe ya majani ya muhogo vizuri, veri gudi. Watu wake wanatikisa vichwa kama wamesikia neno la nabii. Watu wangu wakanitazama mimi, wakingoja nijibu. Nilijibu nini? Nilikohoa.

Siku ile niliapa: akija kumuchukua Riziki, atakuta na mimi nina Kingereza changu. Kimoja tu kinatosha. Lakini kiwe kizito.

Hilo neno sikulitafuta mbali. Munaliona kila siku. Vijana wa moto wanaliandika kwenye bavete, ile mipira ya kuzuia matope nyuma ya gurudumu: Yesu FOREVER, Mama FOREVER, Zawadi FOREVER. (Huyu wa Zawadi amekwisha kubadilisha wanawake, bavete bado ile ile.) Liko kwenye termos ya chai ya mama Riziki, kando ya maua mawili mekundu. Liko kwenye keki za arusi. Neno linaloandikwa juu ya keki haliwezi kuwa baya.

Hata hivyo mimi si mujinga. Nilimuuliza jirani yangu, Mwalimu Kitenge, anayefundisha Kingereza kwenye shule ya sekondari. Nilimukuta anafagia barazani kwake.

"Mwalimu, hii forever maana yake nini?"

"Milele, papa. Bila mwisho."

"Ni neno zuri ao baya?"

Akaegemea fagio. "Papa, hilo ni neno la kusindikiza. Halitembei peke yake. Linafuata jambo lingine, linalifanya lisiishe."

"Kama kamba ya kinga. Inashika muzigo usianguke."

"Kabisa, papa. Kama kamba. Lakini sasa kamba hiyo—"

"Imetosha," nikamuambia. "Kamba ninaijua kuliko wewe."

Nikaenda zangu. Aliita nyuma yangu, sikugeuka. Mutu akikupa gunia limejaa, hungoji akuongezee punje.

Leo asubuhi nilijificha nyuma ya mashini kufanya mazoezi. Niliwasha injini makusudi ili nisisikike. Maneno yangu yalikuwa tayari: "Nenda, urudi, na mapendo yenu yadumu forever." Nikayasema nikitazama gunia. Nikayasema nikitazama ukuta. Nilipogeuka kuyasema nikitazama mulango, mama Riziki amesimama pale na kanga yake mpya, mikono kiunoni.

"Unaongea na nani?"

"Na mashini."

"Mashini inasikia Kingereza?"

Nikazima injini. Akanikaribia, akaniweka sawa kola ya koti. "Papa Riziki, sema maneno ya wazee, basi. Maji ya mulango hayatafuti Kingereza."

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale mulio mbali, watoto wenu wamezaliwa mujini na hawajui maji ya mulango. Kwetu, mutoto wa kike akitoka nyumbani kwenda kwa mume, baba yake anasimama kwenye kizingiti. Anajaza maji mudomoni, anamupulizia kichwani, halafu anasema. Neno la kwanza linalotoka baada ya maji ndilo linalokwenda naye. Ndiyo sababu baba anasema maneno mawili tu: nenda, urudi. Nenda, maana sasa una kwako. Urudi, maana hapa bado ni kwenu. Urudi kuonyesha mutoto, urudi ukigonjwa, urudi ukipigwa, urudi hata bila sababu. Ile "nenda" peke yake, bila ndugu yake, tunamuambia maiti tunapomutoa nyumbani. Hakuna mwingine tunayemuambia hivyo. Hata mutu anayekwenda kuchota maji kisimani anaaga "ninaenda nirudi."

Haya yote nayajua. Nimewatoa wasichana wengine kwenye mulango huohuo, hakuna aliyepotea. Kwa hiyo musiseme muzee hakujua desturi. Alijua. Ndiyo sababu inauma.

Wakwe walifika jua likiwa juu, wamebebana kwenye moto, matope mpaka kwenye nyusi. Barabara ya Salamabila mvua zikinyesha munaijua. Bwana Idrisa alishuka, akakung'uta suruali, akatazama nyumba yangu toka chini mpaka kwenye mabati.

"Veri gudi," akasema.

Nikatabasamu. Nikasema moyoni: ngoja.

Walikula. Wali wa Kasongo, kuku, sombe ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, mpaka vidole vikawa vyekundu. Ngoma ikapigwa. Dada yangu mukubwa, shangazi Mauwa, aliyetoka Wamaza kwa ajili ya siku hii, akacheza mpaka kilemba kikafunguka. Mimi sikula vizuri. Nilikuwa nashika neno langu lisinianguke. Kila nikimeza tonge, nilirudia kimoyomoyo, forever, forever, kama mutoto aliyetumwa dukani.

Halafu ngoma ikabadilika. Riziki akatoka chumbani, amefunikwa kitenge, anaongozwa na mama yake. Watu wakajipanga pande mbili toka mulangoni mpaka kwenye moto. Mukeka wake na sufuria yake mpya vilikuwa chini pembeni, vinangoja kufungwa. Mimi nikapanda kwenye kizingiti, koti langu la kijivu, kofia yangu. Mauwa akanipa kata ya maji.

Nikajaza mudomo. Nilijaza sana. Nilitaka baraka iwe ya kutosha. (Mutu mwenye mashini hapimi kidogo.)

Na hapo, mashavu yangu yamevimba kama chura, Bwana Idrisa akapaza sauti mbele ya watu wote: "Bwana mukwe, wi a redi!"

Watu wa Salamabila wakapiga makofi. Mimi nikaona muda wangu umefika. Nikataka kumujibu palepale, kichwa juu. Nikapuliza. Nusu ya maji ikamufikia Riziki. Nusu nyingine ikapotea njia, ikaingia mahali pa pumzi.

"Nenda—"

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Kofia ikaanguka. Machozi yakajaa macho, siwezi kuona hata mutu. Nilisikia neno langu la Kingereza linanikimbia kama mbuzi aliyekata kamba, na mimi siwezi kuliacha liende, nimelilisha tangu wiki iliyopita. Nikalikamata kwa nguvu zote zilizobaki.

"—forever."

Katikati hakukuwa na kitu. "Urudi" ilizama. Mapendo yalizama. Kilichopona ni kichwa na mukia.

Kwanza watu hawakuelewa. Wangeweza kuendelea kutoelewa mpaka kesho, na mimi ningeenda kulala na heshima yangu. Lakini Bwana Idrisa ni musemaji mwema. Akageukia watu, akanyanyua mukono.

"Kwa wale wasiosikia Kingereza," akasema, "baba amesema: nenda milele."

Ngoma ikanyamaza. Mupigaji aliacha mukono hewani.

"Kalonda," akasema Mauwa. Hilo ni jina langu la utoto, halijaitwa mbele ya watu tangu mama yetu afariki. "Kalonda, hapa amekufa nani?"

"Dada, maji yamenipalia. Nilikuwa na urudi. Iko moyoni, imekwama tu."

"Maji hayajui ya moyoni. Yanajua yaliyotoka."

Riziki akafunua kitenge usoni. Maji yangu bado yalikuwa yanamutiririka kwenye shavu. Akanitazama, akaweka begi lake chini, akakaa nje ya kizingiti, miguu imenyooka kama mutu aliye matangani.

"Siendi," akasema.

Sumaili alikuwa amesimama kando ya moto na kofia ya chuma mukononi. Sura yake ilikuwa ya mutu aliyeambiwa petroli imeisha katikati ya pori.

Mimi nikajaribu kutumia ukubwa. Nikaokota kofia yangu, nikaipiga vumbi, nikasema kwa sauti ya mashini: "Mimi ndiye baba hapa. Nasema sasa: urudi. Imekwisha. Pigeni ngoma."

Hakuna aliyepiga.

"Umesema na mudomo mukavu," akasema Mauwa. "Hata kasuku anaweza."

Bwana Idrisa akacheka, akashika ndevu. "Shangazi, sisi watu wa Salamabila hatuna taabu. Baba ametoa milele, sisi tunapokea milele. Hata wakigombana, huyu harudi kwenu. Veri gudi."

Alikuwa anatania. Lakini mama Riziki hakusikia utani. Alimusogelea mpaka akarudi nyuma hatua.

"Na akizaa, nani atamukanda na maji ya moto? Wewe na Kingereza chako?"

"Mama, nilikuwa—"

"Akigonjwa atalala wapi? Akikuchokeni atakwenda wapi? Kwa nani?"

Mimi nikamutazama Riziki. Alikuwa amegeuka anaangalia mulango wetu. Kwenye mulango ule alijifunzia kutembea, akiushika. Ana kovu kwenye kidevu, ni la kizingiti hichohicho. Sasa aliutazama kama mulango wa watu wengine, ule unaoupita bila kubisha hodi.

Hapo ndipo nilisikia baridi ndani ya koti. Kicheko cha watu ninaweza kukivumilia. Nilivumilia njia yote ya Wamaza na kinga. Lakini kwamba siku moja mutoto huyu apate shida kule, aweke nguo zake kwenye begi, halafu akumbuke maneno ya baba yake na azitoe tena. Hilo, hapana.

"Dada," nikasema. Nilisema polepole. "Nifanye nini?"

Mauwa alifunga kilemba chake, polepole, akifurahia. (Nilimunyima zamu ya kinga yangu tulipokuwa vijana. Nadhani leo ndiyo amelipwa.)

"Umemutuma mahali pasipo kurudi," akasema. "Basi nenda wewe kwanza, uangalie kama kunarudika. Toka kama bibi arusi. Ukifika barabarani, rudi, ubishe hodi. Yeye ndiye atakupokea na maji. Akikurudisha wewe, na yeye ana njia."

"Mimi? Hivi hivi, na koti?"

"Koti vua."

Nikavua koti. Akanivua kofia, akanifunika kitenge cha Riziki kichwani. Mama Riziki mwenyewe, muke wangu, mwanamuke niliyemununulia termos, akachukua ile sufuria na kuniweka kichwani. Mukeka akanipa kwapani.

"Shingo wima," akaniambia. "Bibi arusi hatazami chini."

Nikatoka. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine walikuwa wamekaa chini kwa kucheka, wanapiga ardhi na viganja. Mupigaji wa ngoma akapata uhai wake. Mimi nikapita katikati ya mustari ule, sufuria inacheza kichwani, mpaka barabarani.

Na barabarani, kama munavyojua, kuna kituo cha vijana wa moto.

"Papa Mashini, wamekufukuza?"

"Hapana, anaolewa. Papa, mume wako ni nani, tumujue?"

"Papa, panda hapa tukupeleke Salamabila. Leo mabibi arusi ni bure."

Simu zikatoka mifukoni. Hata wale ambao kila siku wananiambia simu zao hazina moto wa betri, leo zilikuwa na moto. Nikaona bavete ya yule wa Zawadi FOREVER mbele ya macho yangu, herufi nyekundu, imeoshwa vizuri. Kama ingekuwa na mudomo ingenicheka na yenyewe.

Mama mumoja alikuwa anapita na beseni ya mupunga. Akasimama. Akanitazama toka kwenye sufuria mpaka kwenye viatu. Hakuuliza neno juu ya kitenge.

"Papa Mashini, leo mashini inakoboa?"

"Inakoboa, mama. Endelea mbele, utamukuta mutu."

"Aksanti, papa."

Akaenda zake. Huyo ndiye mutu pekee wa Kasongo aliyenipa heshima leo, nitamukobolea bure siku nyingine.

Nikageuka. Njia ya kurudi ilikuwa fupi na ndefu. Nikafika mbele ya mulango niliojenga kwa mikono yangu, nikasimama nje kama mugeni.

"Hodi," nikasema.

"Kwa nguvu," akasema Mauwa. "Wakwe wasikie."

"Hodi hapa!"

Riziki alikuwa amekwisha kusimama, ameingia ndani, yuko kwenye kizingiti na kata mukononi. Uso wake bado ulikuwa mukali, lakini pembe ya mudomo ilianza kumutoroka.

"Nani?"

"Kalonda."

"Kalonda gani?"

"Baba yako."

"Ulikwenda wapi, papa?"

Nikafikiri. Hapakuwa na mahali pa kujificha. "Nilikwenda forever."

"Na umerudi?"

"Nimerudi, mama."

"Forever iko wapi?"

"Nimeiacha barabarani. Vijana wa moto wameiokota."

Akacheka. Kicheko kilimutoka kwa nguvu mpaka akamwaga nusu ya kata, na watu wote wakafuata, watu wa Salamabila na wa Kasongo pamoja, hata Sumaili, ambaye mpaka pale hakujua kama ana ruhusa. Halafu Riziki akajaza mudomo. Ni mutoto wangu, hapimi kidogo. Maji yote yakanipata usoni, kwenye kitenge, yakaingia mpaka shingoni.

"Ingia, papa," akasema. "Ulikuwa umepotea kidogo tu."

Nikaingia. Nikatua sufuria kando ya mulango, nikaacha mukeka, nikajipangusa na kitenge chake. Tukasimama ndani kidogo, mimi na yeye, tumelowa wote wawili. Akaniweka sawa kola ya shati kama mama yake.

Halafu akatoka nje, mimi nikabaki kwenye kizingiti. Mauwa akanipa kata. Safari hii nilichukua maji ya ulimi tu, kama mutu anayeonja chumvi. Nikamupulizia kichwani.

"Nenda," nikasema. "Urudi."

Basi. Maneno mawili, yamebebana kama yalivyo.

"Veri gudi," akasema Bwana Idrisa.

"Aksanti," nikamujibu. Na niliona inatosha.

Walipokuwa wanafunga mizigo, Bwana Idrisa alinivuta pembeni. Nikajiandaa kwa Kingereza kingine. Lakini alisema chini chini: "Bwana mukwe, Uganda nilikuwa nauza vitambaa. Kingereza changu ni cha kusifu bei. Hiyo forever ilikuwa imeandikwa kwenye pindo la kitambaa, ndiyo maana niliijua. Ungesema neno lingine lolote, leo ningeaibika mimi."

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Nitamupenda mutu huyu. Anajua kidogo kama mimi, tofauti ni kwamba yeye hajazi mudomo maji kabla ya kusema.

Moto zikawashwa. Riziki akapanda nyuma ya Sumaili, vigelegele, moshi, matope, wakapinda kona. Kimya kikaja. Munakijua kimya hicho ninyi muliotoa watoto. Watu bado wamejaa kiwanjani, sahani zinagongana, lakini ndani ya sikio kuna kimya. Nikakaa kwenye kiti changu. Nikachukua glasi yangu ya chai, nikakumbuka aliyekuwa ananimiminia. Nikairudisha chini.

Sikukaa sana. Nikasikia moto inarudi, inapiga honi kama mugonjwa anapelekwa hospitali. Nikaruka juu. Riziki akashuka, kofia ya chuma imelala upande, anakimbia.

"Nini? Mumeanguka?"

"Papa, sufuria yangu."

Ilikuwa palepale kando ya mulango, nilipoitua mimi. Katika kunicheka, hakuna aliyekumbuka kuifunga kwenye moto.

"Sikukuambia urudi leo," nikasema.

"Ulisema urudi. Hukusema lini." Akachukua sufuria, akaona glasi yangu, akaitazama, akachukua termos yenye maua na FOREVER yake, akanimiminia chai mpaka juu. Akakimbia.

Mauwa alikuwa amekaa kwenye kizingiti anafuta masufuria. Hakunyanyua hata kichwa.

"Maji yale yana nguvu," akasema.

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa na sukari nyingi kuliko anavyoniruhusu siku zote.

Jioni Mwalimu Kitenge amepita. Amekaa, amekunywa chai, amejaribu kuwa na uso wa mutu mwenye huruma, akashindwa.

"Papa, siku ile hukuningoja nimalize."

"Maliza sasa."

"Nilitaka kusema, kamba hiyo haiulizi umefunga nini. Ukifunga mapendo, inashika mapendo. Ukifunga kwenda, inashika kwenda."

"Mwalimu," nikamuambia, "hilo nimelijua kwa sufuria kichwani. Wewe ulilijua ukiwa umekaa."

Halafu akatoa simu yake akanionyesha video. Mimi nikatembea pale, shingo wima, kitenge kimenikaa vizuri, naweza kusema. Nikamuuliza kama vijana wanaweza kuifuta. Akasema imekwisha kufika Kabambare, imefika Salamabila kabla ya wakwe wenyewe, na kitu kikishaingia mule hakitoki.

"Itakaa humo mpaka lini?" nikauliza.

Mwalimu akanitazama, akafungua mudomo. Nikainua mukono nikamuwahi.

"Nyamaza. Neno hilo ninalijua."